Saa kumi niwe kijijini: kwa baiskeli kutoka Mbeya hadi Ujiji

Nimechora Ziwa Tanganyika ubaoni kwa miaka kumi na minane. Chaki ya buluu kwa maji, nyeupe kwa mpaka, nukta moja Kigoma na nyingine Kasanga, na watoto wa darasa la tano wanaiga kwenye madaftari yao. Miaka yote hiyo sikuwahi kuliona. Likizo ya Juni 2019 niliamua kwenda, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Tanga, mji ambao baiskeli ni miguu ya watu, sikufikiria chombo kingine. Nilikuwa na miaka 43. Mama yangu aliendesha baiskeli akiwa na ujauzito wangu. Sikuona kwa nini nishindwe.

Nilipakia baiskeli kwenye basi hadi Mbeya, na kutoka hapo nikapita Tunduma, Sumbawanga, Mpanda na Uvinza hadi Ujiji. Ni njia ya zaidi ya kilomita 800, nami niliimaliza kwa siku 21, pamoja na siku za kupumzika na kipande kimoja nilichobebwa na lori. Tangu nirudi naulizwa maswali yale yale na wanaotaka kwenda, hasa wanawake. Naandika hapa ninayoyajua.

Ya kwanza niliambiwa na mama mwenye gesti pale Ndalambo, kituo changu cha kwanza baada ya Tunduma. Nilifika kwake magharibi imeingia, tochi mkononi, natetemeka kwa baridi. Alinipa maji ya moto, akaniacha nikaoga, nikala, ndipo akasema: "Mwanangu, huku mgeni saa kumi awe ameshaketi." Saa kumi jioni. Mimi nilidhani anazungumzia majambazi. Hapana. Alinieleza kwamba saa kumi watu wanaanza kurudi kutoka shambani, kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji anapatikana, mama lishe bado ana chakula, fundi hajafunga, na kijiji kizima kinakuona ukiingia. Mgeni aliyeonekana na watu wote mchana analindwa na watu wote usiku. Anayeingia gizani hakuna anayemjua, na mbwa ndio wanaompokea.

Kuna hesabu nyingine ndani yake. Ukipanga kufika saa kumi, una zaidi ya saa mbili za mwanga mkononi. Pancha moja inakula nusu saa, upepo wa mbele unakula saa nzima, kona uliyokosea inakula mbili. Ukipanga kufika saa kumi na mbili, lolote kati ya hayo linakuacha njiani. Kwa hiyo acheni kupanga safari kwa kilomita. Panga kwa saa. Mimi, na mzigo wangu, nilikwenda kama kilomita 12 kwa saa kwenye lami na 8 au pungufu kwenye vumbi. Mtu mwingine atakuwa na namba zake, na anaweza kuzijua kabla hajaondoka nyumbani kwa kufunga mzigo wote kwenye keria na kuendesha siku nzima, si nusu saa.

Jambo moja linawashtua watu wa pwani: jua la magharibi si jua letu. Saa zetu ni zile zile nchi nzima, lakini Kigoma iko mbali sana magharibi mwa Tanga, na mwezi Juni jua linachelewa kuchomoza huko kwa zaidi ya nusu saa. Mimi nilitega kengele ya simu saa kumi na moja na nusu kama nilivyozoea, nikawa tayari saa kumi na mbili, nikafungua mlango nikakuta giza totoro. Sumbawanga jua linatokeza saa moja na dakika zake. Usiondoke gizani kwa sababu tu saa inasema ni asubuhi. Kunywa chai, subiri uone rangi ya barabara. Jioni unarudishiwa, kwa kuwa jua nalo linachelewa kuzama, lakini usiihesabu zawadi hiyo kwenye mpango wako. Iache iwe akiba.

Sasa barabara yenyewe. Mbeya hadi Tunduma ni zaidi kidogo ya kilomita 100 za barabara kuu ya Zambia, nami nasema bila kuzunguka: kipande hicho pakia baiskeli kwenye gari. Mimi nilikiendesha chote, kupitia Mbalizi, Mlowo na Vwawa, kwa kutaka niseme nimeendesha. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapita mfululizo, vilima ni virefu, na mahali pengi ukingo wa lami umemomonyoka, hatua moja pembeni ni shimo. Karibu na Mlowo lori mbili zilikutana sambamba na mimi. Dereva wa nyuma yangu alipiga honi mara moja tu. Hakuwa na nafasi ya kunikwepa, na si kosa lake. Nilitoka barabarani kwa kasi, nikaanguka kwenye nyasi, goti likachubuka. Nilikaa pale muda mrefu nikiwawaza wanangu. Kuanzia hapo nilifunga kioo cha pikipiki kwenye usukani, nilichokinunua kwa fundi wa bodaboda, na nikajiwekea sheria: lori likija mbele na lingine nyuma, nashuka, nasimama kwenye majani, nangoja yapite. Pale Tunduma, ukiiacha barabara kuu na kukata kulia kuelekea Sumbawanga, kelele inakatika ghafla kama mtu amefunga mlango. Kutoka hapo ni lami nzuri yenye magari machache, na ndipo safari yangu ilipoanza kwa kweli.

Uwanda wa Ufipa ni nchi ya juu, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari na zaidi. Mwezi Juni mvua imekwisha, mahindi na maharage yamevunwa au yanavunwa, ulezi unaanikwa, na upande wa kulia na kushoto ni majani ya rangi ya dhahabu hadi macho yachoke. Nilikuwa na shuka moja la pamba na kanga mbili. Usiku wa pili nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo. Ukitoka pwani, beba sweta nzito na soksi za sufu hata kama nyumbani unatoka jasho ukizitazama tu. Lakini Ufipa ilinipa kitu nilichokijua. Upepo wa Juni ni kusi, ule ule unaowasukuma wavuvi wetu, na barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga inaelekea kaskazini-magharibi. Kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi upepo ulikuwa unanisukuma mgongoni. Yupo kijana niliyekutana naye akitokea Sumbawanga kwenda Tunduma, gunia la maharage kwenye keria, ameinama hadi kidevu kinakaribia usukani. Tulisalimiana tukapishana, na nikaona wazi kwamba njia moja inaweza kuwa safari mbili tofauti kulingana na unakotokea. Kabla ya kupanga, uliza upepo wa mwezi huo unavuma kutoka wapi.

Kuhusu baiskeli. Watu wanaanza na swali hili, nami nimeliweka hapa kwa makusudi, kwa sababu baiskeli yoyote nzima itakufikisha ukijua fundi wa njiani ana nini. Vijijini kote nilikopita, baiskeli inayotawala ni ile nzito ya kazi, isiyo na giya, yenye tairi namba 28. Tairi zake, tyubu zake, spoki zake zinauzwa hata kwenye duka la sabuni na chumvi. Yangu ilikuwa ya mtumba, ya giya, tairi namba 26. Tairi 26 niliziona Tunduma, Sumbawanga na Mpanda. Katikati hapakuwa na kitu. Kwa hiyo nilibeba tairi moja ya akiba iliyokunjwa na tyubu mbili. Kama baiskeli yako ina saizi isiyo 26 wala 28, jihesabu umetoka na kila kitu au hujatoka. Angalia pia valvu. Yangu ilikuwa ya mdomo mnene kama wa gari, kwa hiyo fundi yeyote wa bodaboda alinijazia upepo.

Keria nilimchongesha fundi wa kuchomelea pale Tanga, ya nondo, nzito kuliko nilivyotaka. Ilikatika mguu mmoja kabla ya Chala, na kijana mwenye mashine ya kuchomelea akaiunga kwa dakika kumi. Keria nyepesi ya kisasa ingekuwa imeniishia hapo.

Spoki zilinifundisha zaidi. Nilikuwa nimebeba spoki kumi na nilijiona mwerevu. Kabla ya kufika Laela zikakatika mbili, gurudumu la nyuma, upande wa frii, yaani meno ya nyuma yanayovutwa na cheni, ambao ndio wenye mkazo mkubwa zaidi. Hapo ndipo nilipogundua kuwa spoki ya upande huo haipiti mpaka frii itoke, na spana ya kuitolea frii sikuwa nayo. Nilisukuma baiskeli hadi Laela. Fundi wa pale, mzee wa makamo anayefanya kazi chini ya mwembe, alinisikiliza, akaitazama frii, akaniambia, "Mwalimu, tutaifungua kwa njia yetu." Akatandika gunia jeupe chini. Akachukua kipande cha msumari mnene na nyundo, akagonga kifuniko cha frii kuelekea kulia, si kushoto, kwa kuwa nati ile inafunguka kinyume. Ikalegea, akainyanyua taratibu, na gololi ndogo kama mbegu za mtama zikamwagika juu ya gunia. Wajukuu zake watatu walizihesabu zote, kwa sauti. Alitumia nusu siku, akaziosha kwa mafuta ya taa, akapaka grisi mpya, akazirudisha moja moja. Gurudumu lile halikuyumba tena hadi Ujiji. Nilipomuuliza bei alitaja kiasi ambacho niliona haya kukilipa, nikaongeza, akakataa nyongeza, mwishowe akakubali niwanunulie wajukuu madaftari. Spana ya frii inatosha kwenye kiganja cha mkono. Ibebe. Na spoki zako zipimwe na gurudumu lako kabla hujaondoka, kwa kuwa upande wa frii na upande wa pili mara nyingi urefu wake haulingani.

Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote ni namna ya kuuliza njia. Ukiuliza, "Kijiji kinachofuata ni mbali?" utajibiwa, "Hapana, ni hapo tu." Anayekujibu hakudanganyi. Anakutia moyo, kama ungwana unavyotaka, na kipimo chake ni bodaboda au ni miguu yake isiyobeba mzigo. Mimi nilijifunza kumtafuta mtu mwenye baiskeli, nikamuuliza hivi: "Wewe ukienda huko na mzigo, unatoka saa ngapi, unafika saa ngapi?" Hapo anafikiri. Anakumbuka siku ya mnada, anakumbuka mlima aliousukuma baiskeli, anasema, "Nikitoka saa mbili, saa saba nipo." Hilo ndilo jibu. Kisha muulize maji yako wapi, na kama bomba linatoa maji mwezi huu, kwa maana kuwa na bomba na kuwa na maji ni mambo mawili. Na usimwambie jina la mahali ukitarajia alithibitishe ("Huku ndiko Chala, siyo?"), maana kwa adabu ataitikia ndiyo. Uliza, "Barabara hii inakwenda wapi?"

Ramani ya simu nilikuwa nayo, na ilinisaidia mijini. Kilichonisaidia barabarani ni karatasi. Pale stendi ya Sumbawanga nilimwendea kondakta wa basi la Mpanda akiwa anasubiri abiria, nikamwomba anitajie vituo vyote kwa mpangilio, na wapi abiria wanashuka wengi. Alivitaja kama anasoma sala, nami nikaandika. Mahali abiria wanaposhuka wengi pana chakula, pana gesti, pana fundi. Mahali ambapo kondakta alisema, "Hapo kati hakuna kitu, ni pori," nilichora mstari mwekundu. Mistari hiyo myekundu ndiyo iliyoamua nilale wapi.

Mstari mrefu wa kwanza ulikuwa Katavi. Barabara ya Mpanda inakatisha Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, yenye simba, nyati, tembo na viboko. Usiendeshe baiskeli humo. Sikuhitaji kukatazwa, mama mmoja wa Kibaoni aliponisikia nauliza alishika kichwa. Nililala pale, asubuhi nikapata lori lililobeba mchele kwenda Mpanda, baiskeli juu ya magunia, mimi mbele na dereva na utingo wake, na nikashuka Sitalike upande wa pili. Pale Sitalike unaweza kusimama juu ya daraja la mto Katuma ukawaona viboko wamelala ndani ya maji wamebanana kama mawe. Nilisimama hapo saa nzima. Wengine wataona nimevunja safari kwa kupanda lori. Mimi naona nilifika nikiwa mzima, na darasa langu la tano limesikia habari za viboko kutoka kwa mtu aliyewaona.

Yule mama wa Kibaoni ndiye pia aliyenivua koti. Koti langu lilikuwa la buluu iliyokoza. Tangu asubuhi ya siku ile mbung'o walikuwa wananiandama, wananing'ata kupitia nguo, mimi tu, wakati watoto waliokuwa wakinikimbilia hawakuguswa sana. "Hiyo rangi ndiyo wanayoipenda," aliniambia, akanionyesha kitambaa cha buluu na cheusi kilichotundikwa mtini kando ya barabara. Ule ni mtego wa mbung'o, uliotengenezwa kwa rangi hizo kwa sababu hizo hizo. Pia mbung'o hufuata kitu kinachokwenda, na mwendo wa baiskeli wanaumudu. Ukienda Katavi na Rukwa vaa rangi ya kaki au ya udongo, mikono mirefu, nguo nene. Malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ni ugonjwa wa kweli. Ukipata homa isiyoisha baada ya kutoka huko, mwambie daktari ulipita wapi.

Wanawake wananiuliza kuhusu kulala. Nitasema nilivyofanya. Penye gesti nilichagua yenye mwanamke mapokezi, nikaomba nione chumba kwanza, nikafunga mlango kwa ndani nikausukuma kujaribu komeo. Nilibeba kufuli langu dogo. Baiskeli ililala ndani pamoja nami, na hakuna aliyekataa nilipoomba kwa upole na kufuta matairi kwanza. Pasipo gesti nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, nikamwamkia, nikatoa kitambulisho kabla sijaombwa, nikasema natoka wapi, nakwenda wapi, na kwamba naomba kulala kwenye nyumba yenye mama. Sikukataliwa hata mara moja. Niliulizwa sana mume wangu yuko wapi. Mwanzoni nilijibu kwa ukali kidogo. Baadaye nikaelewa kuwa swali hilo kwa kawaida linamaanisha: nani atakutafuta ukipotea? Nikaanza kujibu hilo. Nilisema mume wangu yuko Tanga na nampigia simu kila jioni nikifika, na ilikuwa kweli. Swali likaisha hapo, na kwa mwenyekiti mmoja simu yangu ilipokosa mtandao alinipa yake. Beba laini mbili za kampuni tofauti.

Mavazi: suruali pana, gauni la juu hadi magotini, mtandio chini ya helmeti. Kanga moja kiunoni nikishuka. Kanga ile ilikuwa taulo, shuka, pazia la kuogea, na kifuniko cha mzigo.

Chakula sikipati shida kukieleza. Kila penye mabasi pana ugali, maharage na chai. Mwili ndio nilioukosea. Siku ya kutoka Mpanda kwenda kaskazini, kwenye vumbi na joto, nilikunywa maji mengi matupu, na bado kichwa kikauma, misuli ya paja ikakaza hadi nikashindwa kushuka kwenye baiskeli. Nesi wa zahanati moja aliniuliza umekula chumvi gani leo. Hakuna, asubuhi chai na maandazi, mchana ndizi. Alinichanganyia lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, nikanywa taratibu, na jioni nikawa mtu. Tangu siku hiyo nilifunga chumvi na sukari kwenye vifuko vidogo vilivyokwisha kupimwa. Maji ya kisima niliyatia vidonge vya kutibu maji, nikangoja nusu saa, hata kiu iwe kali vipi.

Kipande cha Mpanda hadi Uvinza, karibu kilomita 200, wakati huo kilikuwa vumbi kwa sehemu kubwa na mafundi wa barabara walikuwa wanakichimba. Hapo ndipo nilipoivunja sheria ya saa kumi, na hapo ndipo ninapoikumbuka. Nilifika kwenye kijiji kidogo saa tisa na nusu, karibu na njia panda ya kwenda Mishamo, makazi ya wale waliokimbia Burundi mwaka 1972 na ambao wengi wao leo ni Watanzania wenzetu. Kilikuwa mahali pazuri pa kulala. Nikamuuliza kijana wa bodaboda, nikasahau kila nilichojifunza, naye akasema kijiji kingine ni hapo tu. Nikaondoka. Mchanga ulikuwa wa kina, nikasukuma zaidi kuliko nilivyoendesha. Saa kumi na mbili jioni sijaona nyumba. Saa moja jua limezama, miombo pande zote mbili, na sauti pekee ni cheni yangu. Niliogopa kweli kweli. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi kwa sauti.

Kisha nikasikia kengele za ng'ombe. Upande wa kushoto palikuwa na moto na boma la miiba. Mbwa walitoka, sauti ya mwanamume ikauliza nani. Mimi nilianza kazi Shinyanga, nilifundisha huko miaka mitatu, na najua kuwa Wasukuma wengi wamehamia Katavi na Rukwa na mifugo yao. Nikasema, kwa sauti ya kutetemeka, "Mwadila!" Kimya kidogo, halafu mwanamke akaitikia kutoka ndani, kwa salamu ndefu kama ilivyo desturi yao, nami nikajibu nilichokumbuka. Mbwa wakaitwa. Nilipewa maziwa ya mgando na ugali wa mtama, nikalala na mama yule na watoto wake wanne, baiskeli imeegemezwa kwenye boma kati ya ndama. Alfajiri alinisindikiza hadi barabarani. Alinielekeza kijiji kilipo: ningefika huko mchana, kama ningeondoka nikiwa na nguvu. Usiku ule nisingefika.

Jifunze salamu tatu nne za kila kabila utakalopita. Kiswahili kinakufikisha kila mahali nchini kwetu, lakini "Ugonile" kule Mbeya au "Mwangaluka" asubuhi kwa Msukuma inafungua uso wa mtu kabla hujaomba kitu.

Uvinza nilikaa siku moja. Chumvi ya pale inatokana na chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi na Ruchugi, na watu wameichemsha hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nilinunua kifuko nikakitia kwenye mfuko wangu wa vipimo. Kutoka Uvinza hadi Kidahwe, na Kidahwe hadi Kigoma, ni lami tena, kiasi cha kilomita 105 zenye vilima, nami nilizigawa mara mbili. Siku ya pili, saa sita na robo mchana, barabara ilipinda na nikaliona. Halikuwa la buluu kama chaki yangu. Lilikuwa la kijivu kinachong'aa, na milima ya Kongo ilionekana kwa mbali kama moshi. Nilishuka nikalia.

Sikuingia Kigoma moja kwa moja. Nilishika njia ya Ujiji, kwa sababu ndiko misafara iliyotoka pwani yetu, Bagamoyo, ilikokuwa inaishia, na nilitaka kumalizia hapo. Chini ya miembe mikubwa, vibarazani, nikawakuta kina mama wa kanga na mabaibui, wazee wa kanzu na kofia, harufu ya mawese na migebuka ya kukaanga, na Kiswahili ambacho masikio yangu yalikipokea kama cha nyumbani. Bibi mmoja alinikaribisha kwenye mkeka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa maji, akaitazama baiskeli na vumbi lake lote.

"Umetokea wapi, mwanangu?"

"Mbeya, bibi. Kwetu Tanga."

"Mbeya ni mbali?"

Nilitaka kumtajia kilomita. Nikakumbuka.

"Nilitoka Mbeya Jumatatu asubuhi, bibi. Leo ni Jumapili ya tatu."

Akahesabu kwa vidole vyake, akatikisa kichwa, akamwita mjukuu alete sahani.

Nikatazama saa. Ilikuwa saa nane na nusu.